Lita ya Kyerwa na Umeme wa Mto Kagera

Ndugu msikilizaji, wewe uliyepo Songambele, Nkwenda, Kaisho au Mabira hapa Kyerwa, na wewe jirani yetu wa Kayanga na Omurushaka upande wa Karagwe, mazungumzo haya yanakuhusu. Tutazungumzia vyombo vya moto na kile tunachovilisha. Tutapitia gesi, mafuta ya mimea, umeme, na yale magari yanayotumia petroli na betri kwa pamoja. Nitasema wazi lipi linatufaa sisi wa huku kwa sasa, lipi lisubiri, na lipi tulikatae.

Nianze na bei, maana ndipo panapouma. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila wilaya. Lisome jedwali lile kwa makini. Kyerwa na Karagwe huwa zimo miongoni mwa wilaya zenye bei kubwa kabisa nchini, na lita ya Kyerwa huipita ya Dar es Salaam kwa zaidi ya shilingi 200. Hapana aliyekaa akapanga kutuonea. Mafuta yanashushwa bandarini Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, kisha yanapakiwa kwenye lori la tangi linaloikata nchi hadi kwetu, na lori lenyewe linachoma dizeli njia nzima. Sisi tupo mwisho wa barabara hiyo, na anayekaa mwisho wa barabara huilipia barabara yote.

Mnaikumbuka Agosti 2022. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei duniani, na Dar es Salaam petroli ilifika shilingi 3,410 kwa lita, hata baada ya serikali kutia ruzuku. Huku kwetu ilipanda zaidi ya hapo. Watu waliokuwa wakipigana maelfu ya kilomita kutoka hapa wakaamua nauli ya kutoka Songambele kwenda Nkwenda.

Na hiyo ni bei ya pampu. Ukiingia ndani vijijini, ambako kituo cha mafuta kiko mbali, petroli inauzwa kwenye chupa za maji zilizopangwa juu ya meza kando ya njia. Biashara hiyo haina kibali, inaweza kuunguza nyumba, na mnunuzi hana namna ya kujua kama alichopewa hakijachakachuliwa. Lakini dereva wa bodaboda aliye na abiria mgongoni, na geji imelala, atanunua tu, tena kwa bei atakayotajiwa.

Usidhani jambo hili ni la wenye vyombo peke yao. Mama anayewahishwa hospitali ya Nyakahanga au ya Isingiro usiku, uchungu ukiwa umeanza, analipa petroli. Mfuko wa mbolea, kreti la soda, mabati ya kuezekea, vyote vimefika hapa vikiwa vimebeba gharama ya dizeli ndani yake. Mkulima wa ndizi analipa mara mbili. Mchuuzi anayekuja na Fuso hupiga kwanza hesabu ya mafuta ya kwenda na kurudi, na kinachobaki ndicho kinakuwa bei ya mkungu shambani. Mafuta yakipanda, mkungu unashuka. Kwa hiyo hata mwenye shamba ambaye hajawahi kumiliki baiskeli anahusika na mazungumzo haya.

Tena kuna hewa. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa kiasi cha kilo 2.3 za hewa ukaa, na lita ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi. Vyombo vyetu ni vichache ukilinganisha na miji mikubwa ya dunia, na wala si sisi tuliolichafua anga. Lakini mvua zinapochelewa, kahawa inayopukutisha maua ni yetu. Tunayo haki ya kutaka njia safi, na tuna haki ya kutaka njia hiyo iwe na nafuu mfukoni pia.

Sasa tuziangalie njia hizo moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni gesi asilia. Tanzania ina gesi yake. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na ikaanza kutumika kuzalisha umeme mwaka 2004. Bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Leo Dar es Salaam utaona bajaji, teksi na magari binafsi yamefungwa mtungi wa gesi kwenye buti, na foleni za kujaza ni ndefu kwa sababu wenye magari wameona faida. Ni jambo jema kwa watu wa Dar. Kwa Kagera, bomba hilo halifiki. Mtu akikwambia ufunge mfumo wa gesi kwenye gari lako linalozunguka Kyerwa na Karagwe, muulize utajazia wapi. Na nitoe onyo moja la usalama: gesi ya magari hubanwa kwa mgandamizo mkubwa sana, kiasi cha mara 200 ya hewa tunayovuta, na mtungi wake umetengenezwa mahususi kuustahimili. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Fundi anayetaka kukufungia mtungi wa kupikia kwenye gari anakuandalia msiba.

Ya pili si njia, ila watu huiuliza sana: bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lile la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Lina urefu wa kilomita 1,443, na linaingia Tanzania kupitia mkoa wetu huu wa Kagera, upande wa Missenyi. Wapo wanaotegemea kwamba bomba likipita mkoani, petroli itashuka bei mkoani. Haitashuka kwa sababu hiyo. Yale ni mafuta ghafi, mazito, yanayopashwa moto ndani ya bomba yasigande, na yanakwenda kupakiwa melini kuuzwa nje. Yatapita Kagera bila kusimama. Bei yetu itaendelea kutegemea meli na lori.

Ya tatu ni mafuta ya mimea, na hapa nataka tujifunze kwa yaliyowapata wenzetu. Kati ya mwaka 2005 na 2011 nchi hii ilishikwa na homa ya mbono. Tuliambiwa mbegu zake zitakamuliwa dizeli, mkulima atatajirika, ardhi isiyo na rutuba itapata kazi. Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji. Kilwa, kampuni ya BioShape nayo ikachukua eneo kubwa. Miaka michache baadaye miradi yote miwili ilikuwa imekufa. Ahadi za visima na ajira zikaishia hewani, na vijiji vikabaki vinahangaika kuirudisha ardhi yao. Ilikuja kuonekana kwamba mbono unavumilia ukame, ndiyo, lakini ili uzae mbegu za kutosha unataka ardhi nzuri na maji kama zao lingine lolote.

Ardhi yetu ni ya migomba, kahawa na maharage. Watu tunaongezeka na viwanja vinapungua. Shamba linalolisha nyumba lisigeuzwe kulisha tangi. Mabaki ni suala lingine: maganda ya kahawa, kinyesi cha ng'ombe, makapi ya miwa kule Kagera Sugar, ambako kiwanda kinayachoma na kupata nishati yake. Hayo tuyatumie. Lakini akija mtu na karatasi za kuomba hekta mia kadhaa apande mazao ya dizeli, mkutano wa kijiji ukumbuke Kisarawe.

Inabaki njia ya nne, nayo ni umeme. Hapa ndipo nataka tukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo penye tumaini letu.

Tazama tulivyokaa. Mto Kagera umeizunguka Kyerwa magharibi na kaskazini. Ng'ambo moja ni Rwanda, ng'ambo nyingine ni Uganda. Maji hayahaya yanayopita hapa, kabla hayajatufikia, yamekwisha kuzungusha mitambo ya Rusumo wilayani Ngara, kituo cha megawati 80 ambacho Tanzania, Rwanda na Burundi zimekijenga kwa pamoja. Yakifika Murongo, ndani ya wilaya yetu, yanazungusha mitambo ya Kikagati, megawati 14, mradi wa mpakani baina ya Uganda na Tanzania. Chini zaidi katika mto huohuo umepangwa mradi wa Kakono wa megawati 87.8. Na kitaifa, bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, liliwasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024. Petroli yetu inatoka nje, inapanda meli, inapanda lori. Umeme unazalishwa na mto tunaouona tukisimama mlimani.

Sisemi umeme wetu hauna matatizo. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera umetegemea umeme unaonunuliwa Uganda, unaoingia kwa njia ya Masaka hadi Kyaka. Sisi tulio mwishoni mwa waya tunaujua umeme unaokatika saa mbili usiku, na tunaujua umeme mdogo, taa inawaka rangi ya chungwa na friji inanguruma bila kugandisha. Chaja ya betri haipendi umeme wa namna hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuchaji chombo nyumbani aweke kifaa cha kuulinda mtambo wake dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Na anayeishi mahali ambapo nguzo hazijafika asikate tamaa: paneli nne za sola za wati 400 kila moja, kwa jua la kawaida la huku, zinaweza kutoa unit tano hivi kwa siku. Unit tano ndizo tutakazozipigia hesabu sasa hivi.

Chukua karatasi, msikilizaji, tuhesabu pamoja. Mfikirie kijana wa bodaboda anayetembea kilomita 100 kwa siku katika vilima vyetu, mara abiria, mara mkungu, mara gunia la maharage. Pikipiki yake ikimpa kilomita 40 kwa lita, anahitaji lita mbili na nusu. Tuseme lita ni shilingi 3,100. Hiyo ni shilingi 7,750 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, zinakuwa shilingi 201,500. Kwa mwaka zinapita milioni mbili na laki nne. Na hapo hajamwaga oili, hajabadili plagi, hajasafisha kabureta.

Pikipiki ya umeme kwa mwendo uleule, pamoja na vilima na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, tuipe unit tano. Unit moja kwa mteja wa kawaida wa TANESCO ni shilingi 292, na ukijumlisha VAT na tozo inafika kama 356. Mara tano ni shilingi 1,780. Kwa siku 26 ni shilingi 46,280. Tofauti baina ya petroli na umeme ni zaidi ya shilingi 155,000 kila mwezi.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wauzaji hawalisemi. Wengi wetu vijijini tupo kwenye ule mpango wa bei nafuu, shilingi 100 kwa unit kabla ya kodi, kwa nyumba isiyozidi unit 75 kwa mwezi. Pikipiki hii peke yake itakula unit 130. Ukiichaji kwenye LUKU ya nyumbani, nyumba nzima itahamishwa kwenye bei kubwa, pamoja na taa za watoto wanaosoma. Kwa hiyo ni heri kuchajia penye mita yake ya biashara kuliko nyumbani. Mimi nimetumia bei kubwa kwenye hesabu yangu makusudi, ili mtu asije akadanganyika.

Sasa fungua kiti cha pikipiki ya umeme uone kilichomo. Hakuna tangi, hakuna kabureta, hakuna silensa. Kuna sanduku zito lenye mpini, ukubwa wa dumu dogo, nalo ndilo betri. Sehemu kubwa ya bei ya chombo iko ndani ya sanduku hilo. Betri huchoka kadiri inavyochajiwa na kutumika, na siku ikifa, hasara inaweza kumeza faida yote ya mwaka. Kwa hiyo anayenunua pikipiki yenye betri yake mwenyewe ajiwekee nadhiri: katika zile shilingi 155,000 anazookoa, shilingi 50,000 ziende benki au SACCOS kila mwezi, zisiguswe. Baada ya miaka mitatu atakuwa na milioni moja na laki nane, na betri mpya haitamtisha. Bado atakuwa amebakiwa na zaidi ya laki moja kila mwezi.

Ipo njia nyingine, na jirani zetu ng'ambo ya mto wamekwisha kuionyesha. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara Kigali mwaka 2019. Dereva ananunua pikipiki bila betri. Betri ni ya kampuni. Ikiisha chaji, anaingia kituoni, anatoa iliyokwisha, anapewa iliyojaa, analipia nishati aliyotumia, anaondoka ndani ya dakika chache. Betri ikichoka ni shauri la kampuni. Jambo likakua hadi serikali ya Rwanda ikaamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya kubebea abiria inayosajiliwa Kigali iwe ya umeme. Kigali ni mji wa vilima, kama kwetu. Kwa hiyo anayesema umeme hauwezi kupanda mlima, jibu lake lipo ng'ambo ya mto. Mota ya umeme ina nguvu kuanzia mzunguko wa kwanza wa gurudumu, na ukiteremka mlima zipo zinazorudisha sehemu ya umeme kwenye betri.

Kama hesabu ni nzuri hivi, kwa nini Songambele bado inanguruma petroli? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni kwamba anayelipia mafuta na anayemiliki chombo ni watu wawili tofauti. Vijana wengi wanaendesha pikipiki za watu. Mwenye pikipiki anapokea hesabu yake ya siku, au malipo ya mkataba, na petroli haimhusu. Haoni sababu ya kutoa fedha zaidi kununua ya umeme. Kijana ndiye anayeumia pampuni, lakini kijana hana mtaji. Kila mmoja anabaki alipo.

Anayeweza kulifungua fundo hilo ni ushirika wetu. Tuna vyama vya msingi, AMCOS, vinavyokusanya kahawa na kuipeleka chama kikuu, KDCU. Tuna SACCOS. Vyama hivi vina maghala, vina mlinzi, na vingi viko karibu na nguzo ya umeme au vinaweza kuvutiwa waya. Ghala la AMCOS linaweza kuwa kituo cha kuchajia au kubadilishia betri, kwa mita ya biashara. SACCOS inaweza kumkopesha kijana pikipiki, naye akalipa kwa ile fedha aliyokuwa akiimwaga kwenye petroli. Laki moja kwa mwezi kwa miaka mitatu ni milioni tatu na laki sita. Hapo kijana ana chombo chake, na chama kimerudishiwa mkopo.

Na baada ya pikipiki lije guta, lile la magurudumu matatu la mizigo. Kazi ya guta imekaa kama imeumbwa kwa ajili ya umeme: safari fupi, njia ileile, kutoka shambani hadi ghalani, kutoka ghalani hadi sokoni, jioni linalala palepale linapochajiwa. Msimu wa kahawa, magunia yanapotoka vijijini kila siku, maguta mawili ya umeme ya chama yanaweza kumpunguzia mkulima gharama ya kila kilo anayoiuza.

Nimechelewa kuyafikia magari, na nimefanya hivyo kwa kukusudia. Huku kwetu wanaomiliki magari ni wachache kuliko wanaopanda pikipiki, na faida kubwa ipo kwenye magurudumu mawili na matatu. Lakini mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara anayejipanga kununua gari naye anastahili ushauri wa kweli.

Kwanza, gari la umeme lililotumika kutoka Japani. Siku hizi Nissan Leaf zinaonekana kwenye mitandao kwa bei inayovutia. Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwaka 2010, zina betri ya unit 24. Kuijaza ni kama shilingi 8,500. Ni nafuu kubwa. Lakini tazama upande wa kulia wa geji kwenye dashibodi: kuna vibao vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Gari jipya linaonyesha vyote 12. Vikibaki tisa au vinane, jua umbali wake umepungua sana, na betri ile haina mfumo wa kuipooza kwa maji au kwa feni. Hali ya hewa yetu ya baridi kiasi inaisaidia betri, hilo nalikubali. Lakini gari liko chini, barabara zetu za vijijini zina makorongo wakati wa masika, na fundi anayeweza kuifungua betri ile kwa usalama hayupo jirani. Kwa mwenye safari fupi za kila siku, mwenye umeme wa uhakika nyumbani na gari lingine la safari ndefu, linaweza kufaa. Kwa mtu anayenunua gari moja la kumfikisha Bukoba na kumrudisha, ushauri wangu ni asubiri.

Pili, magari ya mseto, yenye petroli na betri pamoja, kama Toyota Prius na Aqua. Haya hayahitaji kuchajiwa kwenye umeme. Yanajichaji yenyewe yakiwa yanatembea na yakifunga breki. Yanaokoa mafuta kweli, hasa mjini na kwenye miteremko. Adui yao huku ni vumbi. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye matundumatundu linaloonekana kama spika. Hapo ndipo feni inapovuta hewa ya kuipooza betri kubwa. Ukitoka kwenye lami ya Kyaka hadi Bugene ukaingia barabara za vumbi, tundu lile linajaa. Abiria akiegemeza begi au mtu akipanga mafungu ya ndizi pale, hewa haipiti kabisa. Betri inachemka, inazeeka kabla ya wakati, na taa nyekundu ikiwaka mwenye gari anadhani ameuziwa gari bovu. Ukinunua gari la namna hii, mpe fundi nafasi afungue feni hiyo na kuipuliza mara kwa mara, na mwiko kuliziba tundu lile.

Tatu, gari dogo la petroli, ambalo kwa wengi ndilo litabaki kuwa uamuzi wa busara kwa miaka kadhaa. Hapa kodi nayo inasema. Kwa viwango ambavyo TRA imekuwa ikivitumia, ushuru wa forodha ni asilimia 25 na VAT ni asilimia 18. Ushuru wa bidhaa unafuata injini: isiyozidi cc 1,000 hailipi, kati ya cc 1,000 na 2,000 inalipa asilimia 5, inayozidi hapo inalipa asilimia 10. Halafu kuna uchakavu: gari lenye miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na lililopita miaka 10 linaongezewa asilimia 30. Mtu anaweza kuona gari la zamani ni rahisi kule Japani, kumbe kodi ya uzee imelilinganisha na gari jipya zaidi lenye injini nzima. Kabla hujatuma fedha, piga hesabu hadi bandarini, na kutoka bandarini hadi mlangoni kwako. Kisha jiulize: kwa mwezi nitatembea kilomita ngapi, na lita ngapi? Gari kubwa la heshima linalolala uani kwa kukosa mafuta halimpi mtu heshima yoyote.

Na nne, kwa ambao tayari tuna vyombo na hatutarajii kubadilisha leo wala kesho: utunzaji ni nishati safi pia. Tairi lisilo na upepo wa kutosha linaburuta na kula mafuta. Chujio la hewa lililojaa vumbi linaifanya injini ichome vibaya na kutoa moshi mweusi. Dizeli inayouzwa Afrika Mashariki tangu 2015 inatakiwa iwe na salfa kidogo, sehemu 50 kwa milioni, lakini usafi huo hauna maana kama nozeli zako zimeharibika. Katika barabara zetu, chujio likaguliwe kila wiki, na upepo upimwe kwa kipimo badala ya kupigwa teke. Hayo ni matengenezo ya shilingi chache yanayorudisha lita nyingi.

Niseme pia juu ya betri zilizokufa. Zina sumu na zina madini ya thamani. Zisitupwe kwenye migomba wala kwenye vijito vinavyoingia Mto Kagera. Anayekuuzia chombo cha umeme aandike kwenye mkataba kwamba ataichukua betri ikifa. Akikataa, usinunue kwake.

Ndugu msikilizaji, nina maombi matatu. Kwa wajumbe wa AMCOS na SACCOS: mkutano mkuu ujao uwe na ajenda ya pikipiki na guta za umeme, mkaanze na chache, mkaandike kila unit na kila kilomita, mkawaonyeshe wanachama hesabu hadharani. Kwa madiwani na wabunge wetu: dai la kwanza liwe umeme usiokatika na wenye nguvu huku mwisho wa waya, na la pili liwe mafunzo ya vyombo vya umeme kwenye vyuo vya VETA, ili vijana wetu wawe mafundi na wasiishie kuwa wateja. Na kwako wewe kijana wa bodaboda: kwa wiki moja tu, andika kwenye daftari kila shilingi unayotoa kwa petroli na oili, na kilomita unazotembea. Nenda na daftari hilo kwenye mkutano wa chama. Mradi ukija, uikute hesabu yako iko tayari, asije mtu kutoka mbali akakufanyia hesabu ambayo haikuhusu.

Petroli itaendelea kutufikia kwa bei kubwa kuliko karibu kila mtu nchini, kwa sababu hatuwezi kuisogeza bahari. Umeme wa mto huu tunaweza kuudai, kuujengea vituo na kuupandia barabarani. Tuanze na magurudumu mawili.